Fedha za Kijiji, Mkopo wa Halmashauri na Mkutano Usioitishwa: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Serikali za Mitaa

Tuliomba maswali kuhusu namna serikali za mitaa zinavyoweza kumtoa mwananchi kwenye umaskini, na barua zilizofika zinagusa zaidi fedha: nani anaamua, nani anashika, nani anauliza. Yanayofanana tumeyaunganisha. Majibu yanahusu Tanzania Bara, isipokuwa barua moja kutoka Kenya.

SWALI: Kila siku tunaambiwa madaraka yako kwa wananchi. Mimi naona wizi umehama tu kutoka wizarani kuja kijijini. Huo ugatuaji unampunguziaje maskini umaskini?
*Mwalimu mstaafu, Kanda ya Ziwa*

JIBU: Shikamoo, mwalimu. Wasiwasi wako una msingi. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, na mpango ulioitwa Madaraka Mikoani ukakabidhi kazi zake kwa maofisa wa mikoa na wilaya ambao wakubwa wao walikuwa serikali kuu. Watumishi walishuka kwa wananchi, uamuzi ukabaki juu. Huduma za miji zilidorora hadi mamlaka zake zikarudishwa 1978. Zikafuata sheria za 1982 (Na. 7 ya wilaya, Na. 8 ya miji, Na. 9 ya fedha), na halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena 1984. Leo zimetajwa katika Katiba, Ibara ya 145 na 146.

Somo la miaka ile ni kwamba madaraka humfaa maskini pale uamuzi, fedha na hesabu vinapokaa mahali pamoja. Kijiji kikipewa uamuzi bila fedha, mkutano unageuka wa kuorodhesha shida. Kikipewa fedha bila kudaiwa hesabu, wenye nguvu wa pale pale wanazila.

Tazama zahanati. Zamani fedha za uendeshaji zilikaa halmashauri, na muuguzi akiishiwa glavu aliandika barua akasubiri. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha hizo huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Dawa ikikosekana Bohari ya Dawa, kituo kinanunua kwa mshitiri, yaani muuzaji wa dawa aliyeteuliwa na mkoa, baada ya kamati ya usimamizi wa kituo, yenye wananchi ndani yake, kupitisha manunuzi. Kwa familia yenye akiba ya shilingi elfu kumi, mjamzito kuambiwa "nenda kanunue glavu, pamba na uzi" ndiyo huanzisha deni. Hapo ndipo ugatuaji unapogusa umaskini.

Kuhusu wizi: wa kijijini una tofauti moja na wa wizarani, kwamba saruji iliyoibwa ina majirani walioiona ikipakiwa. Faida hiyo inapotea kabisa pasipo kusomwa mapato na matumizi, na hilo tumelijibu hapo chini.

Jambo moja la kuzingatia, kwa sababu watu hupoteza miezi wakibisha mlango usio wao: barabara za vijijini na mijini zilihamia TARURA, wakala wa barabara hizo, mwaka 2017, na maji ya vijijini yakaenda RUWASA, wakala wa maji vijijini, mwaka 2019. Diwani anaweza kuyasemea, lakini fedha zake haziko tena mikononi mwa halmashauri.

SWALI: Tuko wanawake kumi, tunataka mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri tufuge kuku wa mayai. Tumeomba mara moja tukakataliwa bila maelezo. Tunakosea wapi?
*Mwenyekiti wa kikundi, Nyanda za Juu Kusini*

JIBU: Mama, tuanze na ukubwa wa mfuko wenyewe. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ukiondoa yale yaliyofungwa kwa kazi maalumu, ikopeshe bila riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Chukua halmashauri yenye shilingi bilioni 2 baada ya makato hayo. Mfuko ni milioni 200, na fungu la wanawake ni milioni 80. Vikundi vikipewa milioni 10 kila kimoja, ni vikundi vinane kwa mwaka, wilaya nzima, pamoja na vitakavyopata kutokana na marejesho ya waliotangulia. Kwa hiyo andiko lenu linashindana.

Utoaji ulisimamishwa Aprili 2023, baada ya ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, ukarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Halmashauri kumi zilichaguliwa kujaribu kukopesha kupitia benki. Nyingine zinatumia kamati, kuanzia kata hadi halmashauri. Ndiyo sababu uhakiki sasa ni mkali. Vikundi vya wanawake na vijana viwe na watu watano au zaidi. Umri wa kijana umepandishwa hadi miaka 45, na mwenye ulemavu anaweza kukopa peke yake.

Njia yenyewe ni hii. Kikundi kinakaa, kinachagua viongozi, kinaandika katiba na muhtasari uliosainiwa na wote. Mnamwendea afisa maendeleo ya jamii wa kata kwa ajili ya usajili, na cheti kinatoka halmashauri. Mnafungua akaunti ya benki kwa jina lile lile lililo kwenye cheti, herufi kwa herufi. "Upendo Group" kwenye cheti na "Kikundi cha Upendo" benki inatosha kuwarudisha nyuma. Mnaandaa andiko la mradi, maombi yanaingizwa kwenye mfumo, kamati ya kata inakuja kuwaona mlipo, kisha halmashauri inaamua. Kila mmoja awe na namba ya NIDA iliyo sahihi. Mmoja akikosa, maombi ya wote yanakwama.

Sasa kuku, kwa sababu hapa ndipo tunashuku mlikataliwa. Maandiko mengi ya kuku wa mayai yana banda, vifaranga na chanjo, halafu chakula cha mwezi mmoja au miwili. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na mpaka hapo kila mmoja amekula takriban kilo 8. Kuku 200 ni kilo 1,600, yaani mifuko 32 ya kilo 50 kabla ya yai la kwanza. Wakianza kutaga, kila mmoja anakula gramu 120 hivi kwa siku. Hao 200 wanamaliza kilo 24. Wakitaga vizuri mtaokota mayai 150 hadi 160 kwa siku, trei tano. Chukueni bei ya trei kwenu, toeni chakula cha siku, dawa na trei zitakazovunjika. Kinachobaki ndicho kinacholipa mkopo na kuwalisha.

Andiko lisilo na mifuko hiyo 32 linaishia kwenye kuku wanaouzwa kwa nyama wakiwa na miezi mitatu. Afisa mifugo wa kata analiona hilo kwa kupitisha macho mara moja. Ombeni pia, kwa maandishi, marejesho yaanze miezi sita baada ya kupata mkopo. Mkikubali kuanza baada ya miezi mitatu mtalipa kwa mtaji wenyewe, au mtakopa kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba kubwa, ili mlipe halmashauri, na hapo mkopo usio na riba unakuwa umewaletea riba.

Vikundi vingine vinakufa kwa sababu nyepesi kuliko hiyo: siku pesa inapoingia, wanachama wanagawana, kila mmoja laki nane zake. Mradi ulioandikwa haupo, deni ni la wote, na wawili wakihama wilaya waliobaki wanalipa yao na ya waliohama. Kama kila mmoja anataka biashara yake, semeni hivyo tangu mwanzo na mwandike andiko la namna hiyo, lenye hesabu ya kila mwanachama.

Na maombi yakikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Ni haki yenu, na ndiyo mtakayoifanyia kazi awamu ijayo.

SWALI: Nilikuwa na magunia manane ya mahindi kwenye Fuso la kukodi, geti likanidai ushuru wa mazao. Nililipa bila risiti. Ilikuwa halali?
*Mkulima, Songwe*

JIBU: Hapana. Mabadiliko ya mwaka 2017 yaliondoa ushuru kwa mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Magunia yako manane ya kilo 100 ni kilo 800. Mabadiliko hayo hayo yalishusha kiwango hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa ya chakula, na anayelipa ni mnunuzi. Mwenye Fuso akibeba mizigo ya wakulima watano kwa pamoja, kila mmoja awe na kikaratasi cha mtendaji wa kijiji kinachosema mzigo ni wa nani na una kilo ngapi. Pasipo hicho, geti linahesabu lori zima kuwa la mfanyabiashara mmoja.

Na risiti ya mashine idaiwe hata pale ushuru ni halali. Mnunuzi wa tani 5 za mahindi kwa shilingi 600 kilo anadaiwa 60,000. Ikiingia kwenye mashine, 6,000 kati yake inakwenda kwenye ule mfuko wa mikopo tuliomweleza mama hapo juu. Ikiingia mfukoni mwa mtu, kikundi fulani kimepungukiwa mtaji.

SWALI: Kijiji chetu hakijasomewa mapato na matumizi mwaka mzima. Tukiuliza tunaambiwa sisi ni wapinzani. Tufanyeje bila kuleta ugomvi?
*Vijana watatu wa kijiji kimoja, Morogoro*

JIBU: Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Ndio wenye mamlaka ya juu kijijini, na unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, hukaa kila mwezi. Mwenyekiti anaongoza, mtendaji ni katibu na ndiye mtunza kumbukumbu. Kuuliza hesabu si upinzani wa chama chochote.

Anzeni na mjumbe mnayeelewana naye au mwenyekiti wa kitongoji chenu. Aombe kwenye kikao cha mwezi kwamba mkutano mkuu upangiwe tarehe, na ombi liingie kwenye muhtasari. Wiki tatu zikipita kimya, andikeni barua kwa mtendaji wa kata, nakala kwa diwani na kwa mkurugenzi wa halmashauri. Barua iwe fupi: kijiji, tarehe ya mkutano wa mwisho, ombi la mkutano, ombi la taarifa ya robo nne zilizopita, majina na saini. Wapelekeeni kwa mkono, nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mkuu wa ofisi siku 30 kujibu ombi la maandishi. Barua isiyo na mhuri haihesabiwi siku.

Mkutano ukiitishwa, kazi ngumu ndiyo inaanza, kwa sababu taarifa nyingi husomwa haraka na kwa sauti ya chini. Chukueni kalamu. Taarifa nzima ina mistari minne: salio la kuanzia, mapato, matumizi, salio la kufungia. Tuseme wamesoma salio la kuanzia 420,000, mapato 1,350,000, matumizi 1,180,000. Salio la kufungia lazima liwe 590,000, na taarifa ya benki ya siku hiyo hiyo ionyeshe 590,000. Benki ikionyesha 310,000, kuna 280,000 za kuelezwa. Pengine ziko kwenye sanduku la mtendaji, pengine hundi haijapita, pengine hazipo. Msitamke neno wizi. Ulizeni tu: "Hii tofauti ya laki mbili na elfu themanini iko wapi, na stakabadhi yake ni ipi?" Ukimwita mtu mwizi mbele ya kijiji, mkutano unahama kutoka kwenye hesabu unaenda kwenye heshima, na unafungwa.

Upande wa mapato ndio unaosahaulika. Watu hukagua matumizi, wakati fedha nyingi za vijiji hupotea kabla hazijaandikwa: faini za mifugo iliyoingia shambani, ada za mnada na gulio, malipo ya wanaochimba mchanga, michango ya ujenzi. Gulio likiwa na wafanyabiashara 40 kila wiki kwa shilingi 500, ni 20,000 kwa wiki na 260,000 kwa robo ya wiki 13. Taarifa ikionyesha gulio limeingiza 70,000, mmeshajua swali. Hesabuni wafanyabiashara wenyewe kwa wiki mbili kabla ya mkutano, na mwandike tarehe.

Mchango wowote upitishwe na mkutano mkuu, kiwango kiandikwe, na kila anayetoa apewe stakabadhi. Kaya zisizo na uwezo zitajwe palepale kwamba zimesamehewa au zitatoa nguvu kazi. Zisipotajwa, mgambo atachukua kuku wa bibi kizee kwa ajili ya boma la darasa, na mtakuwa mmeongeza umaskini kwa jina la maendeleo.

SWALI: Jirani yangu ana duka na yumo TASAF. Mimi mjane nina watoto wanne, nimeachwa. Nani aliamua?
*Msomaji, Singida*

JIBU: Pole sana, mama. Uamuzi wa kwanza ulifanywa na kijiji chenu. Katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), mkutano wa jamii ndio unaoweka vigezo vya umaskini na kutaja kaya. Kisha dodoso linajazwa nyumba kwa nyumba, linachambuliwa kwa kompyuta, na orodha inarudi mkutanoni ithibitishwe. Hapo mwisho mtu yeyote anaweza kusimama na kusema, huyu ana duka, yule ameachwa.

Mfumo ni mzuri na una ufa mmoja mkubwa: walio maskini zaidi ndio wasiofika mkutanoni. Siku hiyo wako kwenye kibarua, au wanauguza, au wanaona aibu kujitaja. Mwenye duka yuko mbele. Kwa hiyo mkutano wa utambuzi usiitishwe siku ya gulio wala asubuhi ya msimu wa palizi, na mwenyekiti wa kitongoji aende na orodha yake ya wajane, wazee wasio na mtu na kaya zinazolelewa na watoto.

Wewe sasa peleka malalamiko kwa Kamati ya Usimamizi ya Jamii ya kijiji, na nakala kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri. Kaya mpya huingia pale utambuzi unapofunguliwa upya, si katikati ya malipo, hivyo barua yako iwe kwenye jalada mapema. Kwa walioko ndani: mtoto akishuka chini ya asilimia 80 ya mahudhurio shuleni, au mdogo akikosa kliniki, malipo ya kila miezi miwili yanakatwa. Mwalimu akisahau kujaza fomu ya mahudhurio, anayekatwa ni mama. Ulizeni shuleni kabla fomu hazijaondoka.

SWALI: Huku kwetu Kenya wanatuita ukumbini kwa ushirikishwaji wa umma, tunatia saini, bajeti tayari imepikwa. Tunasikia Makueni ni tofauti. Wao walifanya nini?
*Mkulima, pwani ya Kenya*

JIBU: Walishusha mjadala hadi kijijini. Katika kipindi cha Gavana Kivutha Kibwana, kuanzia kaunti zilipozaliwa 2013 hadi 2022, Makueni ilijenga kamati za maendeleo zilizochaguliwa na wenyeji, kuanzia kijiji, kundi la vijiji, wadi ndogo, wadi, kaunti ndogo hadi jukwaa la kaunti nzima. Kijiji kinataja mahitaji yake, kisha wawakilishi wake wanayatetea ngazi inayofuata mbele ya vijiji vingine. Mtu akiona daraja la wenzake lina watoto wanaosombwa na mto, huwa yuko radhi bwawa lake lingoje mwaka.

Jambo la pili ndilo lenye meno zaidi: kila mradi una kamati ya wenyeji inayousimamia, na mwanakandarasi halipwi kabla kamati hiyo haijatia saini kwamba kazi imefanyika. Hapo ndipo uamuzi, fedha na hesabu vilikutana. Matokeo yanaonekana kwenye kipato: kiwanda cha Kalamba kinachosindika maembe, katika kaunti ambako wakulima walikuwa wakiuzia madalali kwa bei ya kutupa, na mpango wa afya uliogharimu kaya shilingi 500 za Kenya kwa mwaka.

Kaunti yako isipokuwa na kamati hizo, bado una kalenda. Ukumbi mnaoitwa mwezi wa tano ni wa kupaka rangi nyumba iliyokwisha kujengwa. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na mradi usiomo humo ni shida kuuingiza baadaye. Taarifa ya Mkakati wa Fedha hufika kabla ya 28 Februari, nayo ndiyo inayogawa kiasi cha kila idara: afya ngapi, kilimo ngapi. Makadirio ya bajeti hufika kabla ya 30 Aprili, na bajeti hupitishwa kabla ya Julai kuanza. Kwa hiyo pelekeni ombi la mradi mwezi wa Julai na Agosti, kwa maandishi, kwa msimamizi wa wadi na kwa MCA, mwakilishi wa wadi yenu kwenye bunge la kaunti, mkitaja mahali hasa, idadi ya kaya na kiwanja kilipo. Miradi mingi huanguka kwa sababu ardhi ni ya mtu binafsi na hakuna aliyetia saini kuitoa.

Someni pia ripoti za Mdhibiti wa Bajeti za kila robo mwaka. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Kaunti ikipanga 30 kwenye karatasi halafu ikatumia 15, mtaliona humo, na ndilo swali la kumpelekea MCA wenu.

SWALI: Niko kamati ya shule ya msingi yenye wanafunzi 500. Mwalimu mkuu anasema hakuna fedha, kila kitu ni mchango wa wazazi. Kweli hakuna?
*Mzazi, Tanga*

JIBU: Zipo, ingawa ni kidogo. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka: 6,000 zinakwenda akaunti ya shule, 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Wanafunzi 500 mara 6,000 ni milioni 3 kwa mwaka, wastani wa 250,000 kwa mwezi. Hapo kuna chaki, mitihani, matengenezo madogo na umeme. Haziwezi kujenga darasa.

Ombeni taarifa ya benki ya miezi sita, mlinganishe na idadi ya wanafunzi iliyotumwa halmashauri. Mara nyingine tatizo ni takwimu: shule ina watoto 500 na ruzuku inakuja ya 430 kwa sababu waliohamia hawakuingizwa. Hilo mwalimu mkuu analirekebisha kwa kupeleka takwimu upya. Na kila fedha inapoingia, kiasi na tarehe vibandikwe kwenye ubao wa matangazo, ili mzazi anayeombwa mchango ajue unakwenda kuongezea wapi.

SWALI: Kijiji chetu kina msitu wenye mninga na mpingo. Wafanyabiashara wanakuja, wanalipa kwa mti, wanaondoka. Tunaweza kuufanya uwe chanzo cha mapato?
*Mjumbe wa halmashauri ya kijiji, kusini mwa Tanzania*

JIBU: Mnaweza, na jirani zenu wa Kilwa wamefanya. Mwaka 2009 misitu ya vijiji huko ilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa la kuthibitisha misitu, cha usimamizi endelevu, misitu ya asili ya jamii ya kwanza Afrika kukipata. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuusimamia na kubaki na mapato ya mavuno.

Kazi ni ya mwaka mmoja hadi miwili. Mipaka ya kijiji iwe imepimwa na kuna mpango wa matumizi bora ya ardhi. Mkiwa na mgogoro wa mpaka na kijiji jirani, malizeni huo kwanza, maana ndio unaoua misitu mingi ya vijiji. Mkutano mkuu unachagua kamati ya maliasili. Afisa misitu wa wilaya anasaidia kuhesabu miti kwa aina na unene, na hesabu hiyo inazaa mpango wa uvunaji unaosema miti mingapi ya aina gani kwa mwaka. Sheria ndogo zinapendekezwa na halmashauri ya kijiji, zinajadiliwa na mkutano mkuu na kupitishwa na baraza la madiwani. Sheria ndogo iliyoishia kijijini haina nguvu mahakamani, na mvunaji mwenye wakili atawashinda.

Kuhusu bei: acheni kuuza kwa mti. Uzeni kwa mita za ujazo. Pimeni kipenyo katikati ya gogo, kiandikeni kwa mita, gaweni kwa mbili, zidisheni jibu kwa lenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa urefu. Gogo la kipenyo sentimita 40 na urefu wa mita 2.5 ni 0.2 × 0.2 × 3.14 × 2.5, yaani mita za ujazo 0.314. Magogo matatu ya namna hiyo ni karibu mita moja ya ujazo. Mti mmoja mkubwa unaweza kutoa magogo mawili au matatu, na mfanyabiashara anayelipa "kwa mti" huchagua ile minene tu.

Kila gogo ligongwe nyundo yenye alama ya kijiji baada ya kupimwa na malipo kuingia benki, si kabla. Nyundo ikae chini ya ulinzi wa watu wawili: mmoja ana ufunguo wa sanduku, mwingine ana daftari la vipimo. Mwisho wa mwezi kamati ya fedha ilinganishe daftari na taarifa ya benki. Namba ya magogo yaliyogongwa na fedha iliyoingia vikipishana, uvunaji usimame hadi tofauti ielezwe kwenye mkutano mkuu.